Matete, Ulizeni Kuhusu Siku Zisizo na Mechi

Ligi Kuu ya kandanda nchini Kenya ina timu 18. Kila timu hucheza mechi 34 kwa msimu, nusu nyumbani na nusu ugenini. Kwa hiyo uwanja uliobahatika kuwa makao ya timu moja ya ligi hiyo hupata siku 17 za mechi za ligi kwa mwaka, na siku 348 hazina mechi ya ligi. Ongeza mechi chache za kombe, sherehe ya kitaifa ikitokea, mikutano ya siasa miwili mitatu na mikutano ya injili. Bado siku ambazo lango limefungwa zinazidi 300. Naanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo inayokosekana kila mara uwanja unapotangazwa kuwa njia ya kuufufua mji. Picha zinazoonyeshwa siku ya uzinduzi ni za watu waliojaa, taa zinawaka, maduka yamezunguka ukuta na hoteli iko ng'ambo ya barabara. Hakuna anayechora picha ya Jumanne saa nne asubuhi, ingawa mwenye duka pale atalipa kodi ya Jumanne sawa na ya siku ya fainali.

Ushauri huu ni kwa wakazi wa Matete, katika Kaunti ya Kakamega, na unaweza kumfaa yeyote aliye mbali na makao makuu ya kaunti yake. Mwaka 2027 unaleta mambo mawili pamoja: Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo Kenya itaandaa na Uganda na Tanzania, na uchaguzi mkuu wa Agosti. Joto la mpira likikutana na joto la kura, ahadi za viwanja zitaota kila pembe ya nchi. Hoja yangu ni kwamba mradi wa uwanja unaoambatana na maduka, barabara na nyumba haupimwi kwa idadi ya viti. Hupimwa kwa mpango wa ardhi inayouzunguka na kwa fedha za kuutunza katika siku zisizo na mechi. Na mambo hayo mawili huamuliwa mapema, katika karatasi ambazo wananchi wengi hawazioni mpaka tingatinga limefika. Anayetaka faida ya uwanja, au anayetaka kuuzuia, hana budi kuingia wakati karatasi bado zinaandikwa.

Tuanze na mfano ulio ndani ya kaunti. Uwanja wa Bukhungu, mjini Kakamega, ulikarabatiwa na serikali ya kaunti wakati wa Gavana Wycliffe Oparanya. Desemba 2017 mashindano ya CECAFA yalichezwa pale, Harambee Stars ikaishinda Rwanda 2–0 katika mechi yake ya kwanza. Tarehe 20 Oktoba 2018 taifa zima liliadhimisha Sikukuu ya Mashujaa pale. Awamu ya pili ya ujenzi ikafuata na kuendelea hadi utawala wa Gavana Fernandes Barasa. Sisemi Bukhungu ni hasara. Timu za mkoa wetu wa zamani zilihitaji uwanja wa heshima karibu na mashabiki wao, na Kakamega Homeboyz, waliotwaa Kombe la FKF mwaka 2023, ni ushahidi kwamba vipaji vipo. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba jina la Bukhungu hutajwa nchini hasa kwa siku chache za kukumbukwa: mashindano, sikukuu na mikutano mikubwa ya siasa. Swali la kupanga mji ni jingine kabisa. Ni nini kimebadilika kwa mchuuzi, kwa mwenye nyumba ya kupangisha na kwa mwanafunzi anayetaka kukimbia jioni? Mkazi wa Matete anayefikiria uwanja wa kwao afunge safari mpaka Bukhungu siku ya kawaida, ahesabu milango iliyo wazi, na aulize walio jirani wanauza nini na kwa nani. Ziara hiyo itamfunza kuliko ripoti nyingi.

Nje ya kaunti yetu ushahidi ni mzito zaidi. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia madarakani na ahadi ya viwanja vitano vipya vya kiwango cha kitaifa, vikitajwa Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa. Yaliyofuata, hata katika viwanja vilivyokuwepo tayari, wengi wanayakumbuka. Kamariny, kule Iten, ulikuwa uwanja wa udongo ambamo wanariadha wa kiwango cha dunia walifanya mazoezi bila kumlipa mtu. Ukarabati ulipoanza, njia ya kukimbilia iliharibiwa na kazi ikakwama kwa miaka, hata wanariadha wakalazimika kutafuta pengine. Uwanja wa manispaa wa Mombasa nao ulibomolewa ili ujengwe upya, ukabaki magofu mwaka baada ya mwaka. Viwanja hivi viwili vinatufunza hatari ambayo haitajwi barazani: mradi uliokwama hauwarudishi watu mahali walipokuwa. Huwaacha chini zaidi, kwa sababu hata kile kidogo walichokuwa nacho kimebomolewa. Kwa upande mwingine, Masinde Muliro kule Kanduyi, majirani zetu wa Bungoma, ulitayarishwa kwa ajili ya Madaraka Dei ya tarehe 1 Juni 2024, na Kisumu ilipata uwanja wa Mamboleo uliopokea Madaraka Dei ya 2021. Sikukuu ya kitaifa husukuma kazi iishe. Lakini sikukuu huhama mwaka unaofuata, na bili ya maji na ya umeme haihami nayo.

Msidhani haya ni matatizo ya nchi changa. Wanauchumi wa Marekani, Roger Noll na Andrew Zimbalist, walihariri mwaka 1997 kitabu kizima kuhusu viwanja, ajira na kodi, na hitimisho lao halijatikiswa sana tangu hapo: viwanja vilivyojengwa kwa fedha za umma havikuzi uchumi wa mji kwa kiasi kinachoahidiwa. Sababu si ngumu. Shilingi mia tano anazotumia baba wa Matete kwa tiketi na soda ni zilezile ambazo angezitumia sokoni Matete au Webuye. Zimehama mfuko, hazijazaliwa. Fedha mpya huja tu kama wageni wanatoka mbali na kulala, au kama mahali penyewe panazalisha kitu siku za kawaida. Jiji la Cape Town lilijenga uwanja wa Kombe la Dunia la 2010 kwa takriban randi bilioni 4.4, kisha likabaki kuufidia kwa kodi za wakazi kwa miaka mingi; timu za raga zilihamia pale 2021.

Hata hivyo si kila mji ulianguka, na tofauti kati ya waliofaulu na walioshindwa ndiyo itakayotufaa. Manchester, Uingereza, ilijenga uwanja kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002. Kabla ya michezo kufanyika ilikwisha kuamuliwa kwamba klabu ya Manchester City itahamia pale ikiwa mpangaji, na baraza la mji likabaki na umiliki wa ardhi. Mwaka 2003 klabu ikahamia. London ilijenga uwanja wa Olimpiki ya 2012 bila kumaliza swali la nani atautumia baadaye. Kuugeuza uwe wa mpira kuligharimu pauni milioni 323, ilhali klabu ya West Ham iliyoingia 2016 ilikubali kulipa kodi ya karibu pauni milioni 2.5 kwa mwaka. Ni nchi ileile, sheria zilezile na wahandisi wa kiwango kilekile. Mji mmoja ulipanga siku za baadaye kwanza, mwingine ukapanga sherehe kwanza.

Sasa turudi Matete. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 66,172 katika kaunti ndogo hii, kati ya 1,867,579 wa Kakamega nzima. Ni eneo la mahindi na miwa, lililo karibu na Webuye kuliko mji wa Kakamega. Kiutawala ni kaunti ndogo, lakini kisiasa limo ndani ya eneobunge la Lugari, na wadi zake mbili, Chevaywa na Lwandeti, hupeleka wawakilishi wawili katika bunge la kaunti lenye wadi 60. Takwimu hizi zina maana mbili. Kwanza, Matete haina idadi ya watu wa kujaza viti elfu kumi kila wiki, na atakayewaambia vinginevyo aombwe kuonyesha hesabu yake. Pili, kura mbili pekee haziwezi kupitisha wala kuzuia jambo. Nguvu ya Matete haimo katika kura hizo. Imo katika sheria ya mipango, ambayo humpa mkazi wa kawaida nafasi ya kusema na mlango wa kukata rufaa, awe anatoka wadi kubwa au ndogo.

Kama mngeniuliza mradi gani unafaa, ningesema anzeni na siku za kawaida kisha mwongeze mpira. Uwanja uliosawazishwa vizuri, wenye mitaro ya kupitisha maji ya mvua za Aprili, ua imara, vyoo vinavyofanya kazi, bomba la maji, taa na jukwaa dogo lililoezekwa upande mmoja, unaweza kutumiwa na shule asubuhi, na timu za mashinani jioni, na wakimbiaji alfajiri. Ukiwekwa karibu na soko na steji ya matatu na bodaboda, vyoo na maji hayo yatawahudumia pia mama mboga na abiria, na ada zao zitalipa mlinzi na mkata nyasi. Ukiwekwa mbali, katikati ya mashamba, kwa sababu tu ardhi ya pale ilikuwa rahisi, utahitaji barabara yake, umeme wake na mlinzi wake, na hakuna atakayepita pale Jumanne. Kwa maoni yangu uamuzi wa mahali ni mkubwa kuliko uamuzi wa ukubwa, na ndio unaofanywa kimya zaidi.

Uamuzi huo hufanywa lini? Watu wengi hungoja siku ya kuweka jiwe la msingi, na siku hiyo kila kitu kimeshapita. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema hakuna fedha za umma zitakazotengwa nje ya mpango uliowekwa. Mpango mkubwa ni ule wa maendeleo wa miaka mitano. Wa sasa wa kaunti zote ni wa 2023 hadi 2027, kwa hiyo unaofuata utaandaliwa katika kipindi hikihiki cha joto la uchaguzi. Chini yake kuna mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka uwe umefika katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Kufikia tarehe 28 Februari unawasilishwa waraka wa mkakati wa fedha, unaogawa viwango vya kila idara. Kufikia tarehe 30 Aprili yanawasilishwa makadirio ya bajeti yenyewe, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Wekeni tarehe hizi katika kalenda zenu. Mwenye kutaka uwanja uingie au utoke katika mpango wa mwaka aseme Julai na Agosti, mpango unapoandaliwa. Anayefika Mei akilalamika kuhusu mahali pa uwanja atapata bajeti inayozungumzia kiasi tu, kwa kuwa mahali palishaamuliwa.

Katika vikao vya kushirikisha umma, maneno ya mdomo hupotea. Andikeni. Waraka wa kurasa mbili, wenye majina, sahihi na tarehe, ukapelekwa kwa karani wa bunge la kaunti na kwa idara husika, na nakala yenu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, una uzito ambao hotuba ya kupigiwa makofi haina. Mkihitaji hati zozote, kama vile upembuzi yakinifu, ramani, kandarasi au gharama za kila awamu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba, na ofisi iliyoombwa ina siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, lalamiko linakwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Ombeni hasa karatasi tatu: makadirio ya gharama za kuendesha uwanja kwa mwaka baada ya kukamilika, jina la ofisi itakayozilipa, na orodha ya matumizi yanayotarajiwa kwa wiki ya kawaida. Kama karatasi hizo hazipo, hilo lenyewe ni jibu, na liandikwe katika waraka wenu.

Suala la ardhi linataka uangalifu wa pekee. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma nchini zilivyogawiwa watu binafsi chini ya mabaraza ya zamani, viwanja vya michezo vikiwemo. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kujadili viti, ni upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi: ardhi inayotajwa ina nambari gani, imesajiliwa kwa jina la nani, na mipaka yake ikoje kwenye ramani? Kama ni ya shule, bodi ya shule imekubali kwa maandishi, na watoto watachezea wapi wakati wa ujenzi? Kama ni ya umma lakini haina hatimiliki, dai la kwanza la Matete liwe hatimiliki itolewe kabla ya tenda kutangazwa. Na kama ni mashamba ya watu, Katiba katika ibara ya 40 inataka fidia ya haki, kamili na ya haraka, chini ya usimamizi wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kikao cha kusikiliza madai kikiitishwa, mwenye shamba aende na orodha iliyoandikwa ya nyumba, kisima, miti, miwa iliyo shambani na makaburi, pamoja na picha zenye tarehe. Kisichoorodheshwa siku ile ni vigumu kukidai baadaye.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji serikali kuingia. Uvumi wa uwanja ukitanda, madalali huanza kutembea. Familia huuza nusu ekari kwa bei inayoonekana nzuri wiki ile, na mpango ukichapishwa miezi sita baadaye inagundua kwamba barabara kuu imepangwa kupita pale. Au huwa kinyume: kijana anakopa ili anunue ploti karibu na "uwanja", na uwanja haujengwi. Ushauri wangu ni mmoja kwa wote wawili. Msiuze wala msinunue kwa uvumi mpaka mpango wa matumizi ya ardhi umechapishwa. Na hata wakati huo, shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, wala nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mume au mke. Kina mama wanaokaa katika vikao vya bodi hiyo wakiuliza maswali wameziokoa familia nyingi.

Mpango ukishapita, mradi wenyewe bado unahitaji kibali cha ujenzi chini ya Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hapa ndipo penye nguvu ambayo haitumiki vya kutosha: waziri wa kaunti anayehusika na mipango anaweza kutoa kibali chenye masharti. Badala ya kugombana kama uwanja uwepo au usiwepo, wakazi wanaweza kudai masharti yaandikwe ndani ya kibali. Kwamba vyoo na maji vifunguliwe kwa umma kila siku. Kwamba idadi fulani ya vibanda itengewe wachuuzi waliokuwepo. Kwamba mitaro ikamilike kabla ya ukuta, maana paa na saruji humwaga maji kwenye shamba la jirani aliye bondeni. Kwamba uwanja wa zamani usibomolewe mpaka fedha za awamu yote zithibitishwe. Sharti hili moja lingeukinga uwanja wa Kamariny. Aliyeathiriwa na uamuzi wa kibali ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, na akishindwa pale anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno kwa mtu anayeanza kutafuta wakili siku uamuzi unapotoka, kwa hiyo jueni mapema nani ataandika rufaa hiyo. Tathmini ya athari za mazingira nayo hupitia NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na uamuzi wake una mlango wake wa rufaa, katika Baraza la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60.

Wachuuzi wanahitaji neno lao, kwa sababu fidia ya ardhi haiwafikii. Anayepanga kibanda cha mabati hana hatimiliki ya kuonyesha, na mara nyingi huambiwa "mtarudi ujenzi ukiisha". Wanaorudi huwa wachache, kwa kuwa kodi ya duka jipya haifanani na ya kibanda cha zamani. Chama cha wachuuzi kisingoje notisi. Kiandike leo daftari la kila mwenye kibanda, bidhaa anayouza na risiti za ada ya kila siku anazolipa kaunti. Risiti hizo ndizo ushahidi bora kwamba serikali yenyewe iliwatambua. Kisha wadai kwa maandishi mambo mawili: mahali pa muda pa kuuzia pawe pamejulikana kabla ya kuhamishwa, na kodi ya vibanda vipya itajwe kwa shilingi, isibaki ahadi ya "nafuu".

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na linatoka kwa watu wenye nia njema. Matete imesubiri muda mrefu, watasema. Tukiuliza maswali mengi mradi utapelekwa Likuyani au Malava, nasi tutabaki na mabua. Nawajibu: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mradi unaokimbia swali la nani atalipa mlinzi ni mradi ambao ungekwama hata usingeulizwa, na tumeona kwamba kukwama huja na kubomolewa kwa kile kilichokuwepo. Zaidi ya hayo, maswali yaliyoandikwa mapema humsaidia hata mwakilishi wadi wenu: akisimama bungeni na waraka wa wananchi mkononi, ana hoja ya kumshinda mwenzake anayesimama na ombi tupu. Kaunti ilipata mgao wa karibu shilingi bilioni 12.4 kutoka serikali kuu mwaka wa fedha wa 2021/22, na fungu hilo ndilo hulipa zahanati, barabara za mashinani na elimu ya chekechea. Kila shilingi ya kutunza viti vitupu inatoka katika chungu hichohicho. Kuuliza basi ni kuilinda zahanati.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na naliheshimu. Uwanja si biashara tu, watasema. Ni heshima, ni mahali pa vijana, na kijana anayecheza jioni hayuko kwenye chang'aa. Nakubali kabisa. Katiba yenyewe inaziorodhesha huduma za michezo miongoni mwa kazi za kaunti. Lakini hoja hii ikifuatwa mpaka mwisho inaunga mkono viwanja vingi vidogo vilivyo wazi kila siku. Jukwaa moja kubwa lililofungwa kwa kufuli haliwezi kufanya kazi hiyo. Kijana wa Chevaywa hatatembea saa mbili kwenda kucheza. Anahitaji uwanja ulio karibu, wenye magoli na nyavu, na kocha anayelipwa. Kama fedha ni za uwanja mmoja wa mamilioni, hesabuni zingetengeneza viwanja vingapi vya shule na vya kata, kisha mlinganishe hadharani. Fahari ya kuandaa fainali moja ni ya kweli, ila haimfunzi mtoto kupiga pasi.

La tatu ni la waliokata tamaa: vikao vya umma ni maonyesho, uamuzi umeshafanywa Kakamega. Mara nyingine ni kweli. Hata hivyo mwaka 2014 Mahakama Kuu, katika kesi ya Gakuru na wenzake dhidi ya Gavana wa Kiambu, ilibatilisha sheria nzima ya fedha ya kaunti hiyo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Majaji wetu wamerudia tangu hapo kwamba kutoa tangazo dogo na kuita watu wachache hakutoshi. Lakini mahakama haiwezi kusema hamkusikilizwa kama hakuna karatasi inayoonyesha mlisema nini. Ndiyo maana nasisitiza muhuri wa kupokelewa. Kikao kinachoonekana cha maonyesho leo kinaweza kuwa ushahidi wenu kesho, mradi mmeweka orodha ya waliohudhuria, muda uliotolewa kwa wananchi kuzungumza, na lugha iliyotumika kueleza ramani.

Kwa vitendo basi, kikundi cha watu saba kinatosha kuanza: mfanyabiashara wa soko, mwalimu wa michezo, mwakilishi wa bodaboda, mwenye shamba, mama wa chama, kijana anayejua kusoma ramani kwenye simu, na mzee anayekumbuka mipaka ya zamani ya ardhi ya umma. Kazi yao ya mwezi wa kwanza ni upekuzi wa ardhi na barua ya kuomba hati. Ya mwezi wa pili ni kuhesabu watu wanaopita sokoni na steji siku ya gulio na siku isiyo ya gulio, ili waraka wao uwe na takwimu za Matete yenyewe badala ya zile za mshauri wa kutoka Nairobi. Ya mwezi wa tatu ni kuandika waraka na kuufikisha kabla ya Agosti kwisha, ukiwa na mahali wanapopendekeza, matumizi ya wiki nzima, gharama za utunzaji kwa mwaka, na masharti wanayotaka yaingie katika kibali. Mwakilishi wa Chevaywa na wa Lwandeti wapewe nakala siku moja, mbele ya watu, waulizwe kila mmoja kama ataupeleka bungeni, na jibu lao liandikwe.